Harufu ya Petroli si Kitu cha Kuzoea

Namna ya kutafuta kasoro ya mvuke katika pikapu kuukuu

Sisi wa Chapwa, kama wenzetu wa Tunduma yote, twaishi kando ya njia kuu ya mafuta. Usiku na mchana malori ya matangi hupanga foleni kuelekea mpakani, yakienda Zambia na Kongo. Wala jambo hili si geni. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith huko Rhodesia ilijitangazia uhuru, na baada ya hapo njia ya mafuta ya Zambia iliyotoka kusini ikafungwa. Basi mafuta yakapakiwa katika mapipa, mapipa yakapandishwa juu ya malori, na malori yakapita barabara yetu hii kutoka Dar es Salaam, wakati huo ikiwa bado ya vumbi na matope. Ajali zilikuwa nyingi hata madereva wakaiita Njia ya Jehanamu. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilianza kupeleka mafuta hadi Ndola, lakini malori hayakukoma kupita.

Kwa sababu hiyo pua zetu zimezoea. Mtu akipanda pikapu ya jirani na kusikia harufu ya petroli, husema, “Ndivyo magari ya zamani yalivyo,” kisha huketi na mtoto wake magotini. Nami nasema sivyo. Gari zima, hata likiwa la miaka thelathini, halipaswi kunuka petroli. Likinuka, kuna mahali petroli inatoroka, nayo ni petroli uliyoinunua kwa fedha yako na inayoweza kukuunguza.

Tena pua ina tabia moja ya kutudanganya. Hunusa vema kwa dakika chache, kisha huchoka na kunyamaza, ingawa harufu ingali pale pale. Dereva akaaye garini kutwa nzima ni shahidi dhaifu kwa jambo hili. Mwulize abiria anapofungua mlango akitoka katika hewa safi; yeye ndiye atakayekuambia kweli.

KWA NINI PETROLI HUTOROKA

Petroli haingoji kuchemshwa ili igeuke mvuke. Hata mahali penye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo nyanda zetu za juu hazijaijua, petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto. Dizeli haiko hivyo. Sharti ipate joto la nyuzi 50 na zaidi ndipo mvuke wake uwe wa hatari ya namna hiyo. Ndiyo maana kifaa nitakachokieleza hukioni katika pikapu ya dizeli. Pikapu ya dizeli ikinuka, tafuta mahali mafuta yenyewe yanapovuja.

Mvuke wa petroli una mambo mawili ambayo kila baba na mama wa nyumba yafaa ayajue. La kwanza, ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupandi juu kama moshi, bali hushuka chini na kutambaa kama maji, ukijaza mashimo na sakafu, mpaka ukutane na jiko. La pili, kidogo tu chatosha. Katika sehemu mia za hewa, sehemu moja na nusu ya mvuke yatosha kuwaka kwa cheche moja.

Sasa fikiri juu ya tangi la pikapu. Jua likipanda, petroli hupata joto, mvuke huongezeka, na tangi hutaka kupumua. Usiku wa baridi mvuke hupungua, na tangi hutaka kuvuta hewa ndani. Katika magari ya zamani mfuniko wa tangi ulikuwa na tundu, na tangi likapumua nje kwa uhuru. Mvuke wote ukaenda hewani.

Mji wa Los Angeles, huko California nchini Marekani, ndio uliolipa gharama ya uhuru huo. Ukungu mchafu ulifunika mji hata macho ya watu yakawasha. Karibu na mwaka 1950 mtaalamu wa kemia aitwaye Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi, alionyesha kwamba ukungu ule ulitokana na mivuke ya mafuta na moshi wa magari, vikipikwa pamoja na mwanga wa jua. Hatimaye sheria ikatungwa: magari mapya ya California kuanzia yale ya mwaka 1970, na ya Marekani nzima kuanzia mwaka 1971, yawe na kifaa cha kukamata mvuke wa tangi. Baadaye viwanda vya Japani navyo vikakiweka, na ndivyo kilivyofika kwetu ndani ya pikapu zetu.

KOPO LA MKAA

Kifaa chenyewe hakina uchawi. Ni kopo jeusi, la bati au la plastiki, na ndani yake mmejaa mkaa. Naam, mkaa! Lakini si huu wa gunia. Ni mkaa uliotengenezwa kiwandani kwa joto kali na mvuke wa maji, hata ukapata vitundu vidogo visivyohesabika. Gramu moja tu ya mkaa huo, kama ungeweza kukunjua vitundu vyake vyote, ingetandaza eneo la mita za mraba zaidi ya 500, yaani viwanja vitatu vya mpira wa wavu. Mvuke wa petroli huingia katika vitundu hivyo na kunata.

Kazi huenda hivi. Gari likiwa limesimama juani, mvuke hutoka tangini kwa mpira mwembamba hadi kwenye kopo, na mkaa huushika. Gari likitembea na injini ikiwa imepata moto, vali ndogo hufunguka. Injini huvuta hewa safi kupitia tundu la kopo, hewa hiyo huuchukua mvuke kutoka katika mkaa, na vyote huingia ndani ya injini na kuungua. Hivyo hakuna kinachopotea. Mkaa hujazwa mchana kwenye maegesho, ukafunguliwa mzigo wake njiani, siku baada ya siku.

Basi kasoro zinaweza kuwa mahali patano tu: mfuniko, shingo ya tangi, mipira, kopo, na vali. Anayejua hesabu hii hawezi kubabaishwa.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Lisogeze gari nje, mahali penye upepo, mbali na jiko. Iache injini ipoe. Asiwepo mwenye sigara, wala kibatari, wala mtoto. Weka karibu ndoo ya mchanga au kizimamoto cha unga. Maji hayafai kwa moto wa petroli, kwani huusambaza. Usiingie katika shimo la gereji chini ya gari linalonuka, maana mvuke hukaa humo.

Tena usinyonye petroli kwa mpira, wala usipulize kwa mdomo mpira wowote wa tangi. Petroli ikiteleza kuingia mapafuni yaweza kuua. Aliyeimeza asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja. Ndani ya petroli mna pia benzini, kitu ambacho wataalamu wamethibitisha kuwa huleta saratani ya damu kwa wanaoivuta muda mrefu.

TUANZE NA KILICHO RAHISI

Kwanza, tazama kama kuna majimaji. Chungulia chini ya tangi, fuata bomba hadi kwenye injini, angalia pampu na kabureta. Ukiona unyevu au doa lenye vumbi lililoganda, hiyo si shida ya mvuke, ni kuvuja kwa petroli yenyewe. Gari hilo lisitembee hata hatua moja mpaka litengenezwe.

Pili, kama ni pakavu, jiulize harufu huja lini. Ikija baada ya kujaza tangi, shuku mfuniko, shingo ya tangi, au kopo lililolowa. Ikija gari likiwa limesimama juani, shuku mipira na kopo. Ikija mbele, kwenye boneti, wakati injini yafanya kazi, shuku kopo, vali na mipira yao.

Tatu, fungua mfuniko wa tangi. Tazama pete yake ya mpira: je, imekauka, imepasuka, au haipo? Je, ni mfuniko wa gari hilo, au wa gari jingine uliolazimishwa? Pikapu nyingi huziba tangi kwa kitambaa na mfuko wa nailoni. Kitambaa hicho hulowa petroli na kuwa utambi! Utambi ni wa taa. Hakuna sababu ya kuutia katika tangi la gari libebalo watu.

Mfuniko ulioziba kupita kiasi nao una ubaya wake. Mfuniko mwema una kijivali kinachoruhusu hewa kuingia kadiri petroli inavyopungua. Kikikwama, gari hutembea kidogo, likazimika, na ukifungua mfuniko hewa huingia kwa kishindo, kisha gari huwaka tena. Mlio mdogo unapofungua ni wa kawaida. Lakini mlio mkubwa wa kila mara, au tangi lililobonyea, ni dalili ya ugonjwa.

Nne, ishike shingo ya tangi, yaani bomba unalomiminia petroli. Barabara zetu za matope hutupa udongo huko, udongo hukaa na unyevu, na bati huliwa na kutu. Safisha, kisha tazama kwa makini maungio ya mpira na klipu zake.

Tano, fuata mpira wa mvuke kutoka tangini hadi kwenye kopo, shubiri kwa shubiri. Ukunje polepole kwa vidole. Mpira uliochoka huonyesha nyufa ndogo. Tafuta alama za meno ya panya, maana gari lililolala karibu na ghala la mahindi halikosi wageni. Tafuta pia mahali ulipobanwa na spring'i au turubali. Ukibadilisha, nunua mpira uliotengenezwa kwa petroli. Mpira wa maji ya bustani huvimba na kuoza ndani ya muda mfupi.

Sita, lifikie kopo. Katika pikapu nyingi za zamani lipo chini ya boneti, pembeni, likiwa na mipira miwili au mitatu. Katika nyingine limewekwa nyuma, karibu na tangi. Kabla ya kuichomoa, tia kila mpira alama yake. Lipime kopo mkononi. Likiwa zito na likichuruzika petroli, limelowa, na kwa kawaida sababu yake ni kujaza tangi kupita kiasi. Unga mweusi ukitoka kwenye mpira wa kwenda kwenye injini, kopo limevunjika ndani na mkaa wasafiri, libadilishe. Kisha, kwa pampu ya baiskeli, sukuma hewa polepole kupitia tundu la mpira wa tangi: yapasa itoke bila taabu kwenye tundu la hewa. Isipotoka, vumbi limeziba.

Saba, ijaribu vali. Injini ikiwa baridi na ikinguruma taratibu, chomoa mpira utokao kwenye vali kwenda kwenye kopo, uweke kipande cha karatasi kwenye tundu la vali. Katika magari mengi hapo hapapaswi kuvuta. Injini ikipata moto na ukikanyaga mafuta kidogo, karatasi yapasa kuvutwa. Vali isiyofunguka kamwe huacha kopo lishibe na kufurika harufu. Isiyofunga kamwe huinywesha injini mvuke wakati isipouhitaji: gari hutetemeka likisimama, na baada ya kujaza tangi hukataa kuwaka mpaka ulisihi. Wengi hubadilisha plagi na kusafisha kabureta kwa ugonjwa huu, bila kupona.

Pikapu za baadaye, zenye kompyuta, huwasha taa ya injini kwa kasoro hizi. Yaweza kuwa mfuniko umelegea tu. Kaza, uendeshe siku chache. Mara nyingi taa huzimika yenyewe. Isipozimika, fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta akuambie.

“KATA, ZIBA, TUPA”

Huko kwenye gereji za kando ya barabara kuna shauri litolewalo bure: “Kopo hili ni la Wazungu, halina kazi. Kata, ziba, tupa.” Na kweli gari huendelea kutembea, hata mwenye gari akashukuru. Lakini tufikiri pamoja.

Mpira wa tangi ukiachwa wazi, mvuke wote hutoka pale pale chini ya boneti, karibu na bomba la moshi lenye moto na nyaya zenye cheche. Ukizibwa, tangi halipumui: mvuke husukuma kwenye kila ungio dhaifu, na mfuniko ukifunguliwa kwenye kituo cha mafuta mvuke hutoka kwa nguvu usoni pa kijana wa pampu. Na tundu la upande wa injini likiachwa wazi, injini huvuta hewa isiyochujwa pamoja na vumbi letu lote la kiangazi. Fundi aliyekushauri hatakuwapo siku mambo hayo yatakapoleta matunda yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini kuna ufa mwingine ambao huna nafasi ya kuujengea ukuta.

Wala usimwage mkaa wa jikoni ndani ya kopo. Hauna vile vitundu, na unga wake utakwenda kwenye vali. Kama huna fedha ya kopo jipya, tafuta zima kutoka gari lililokufa, ulijaribu kama nilivyoeleza. Ukumbuke kwamba mara nyingi dawa si kopo bali ni pete ya mfuniko au shubiri mbili za mpira, vitu vya bei ndogo. Ndiyo maana twaanzia huko.

USIJAZE MPAKA SHINGONI

Hapa mpakani wako wanaojaza tangi mpaka petroli ionekane shingoni. Kumbuka kwamba petroli hutanuka. Ukijaza lita 60 asubuhi ya baridi hapa Chapwa, kisha ukateremka bonde la Rukwa kwenye joto la nyuzi 20 zaidi, zile lita 60 zitataka nafasi ya lita 61 na kitu. Hiyo lita moja itakwenda wapi? Itapanda kwenye mpira na kulowesha mkaa. Pampu ikikata mara ya kwanza, inatosha. Na ukimimina kwa dumu na faneli, acha nafasi.

Dumu lenyewe lisisafiri ndani ya kibini pamoja na watu, wala lisilale chumbani au jikoni. Dumu la plastiki la mafuta ya kupikia si tangi: halina kopo la mkaa, mfuniko wake hauzibi vema, na mvuke wake hushuka sakafuni walipolala watoto.

Tusisahau yaliyowapata wenzetu. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange katika Kivu ya Kusini, lori la mafuta lilipinduka, na moto ukaua watu zaidi ya 200. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, watu zaidi ya 100 walikufa katika moto wa lori lililoanguka, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota petroli. Lori la mafuta na pikapu ya kijiji havilingani kwa ukubwa. Lakini mvuke ni ule ule, nao huwaka kwa njia ile ile.

WAJIBU WETU

Fikirini kazi ya pikapu moja kijijini. Hupeleka mama mwenye uchungu hospitali ya Vwawa, huleta mbolea, huchukua mahindi sokoni na jeneza makaburini. Mwenye pikapu ni mtumishi wa wengi, na wote wampao nauli wamemkabidhi pia uhai wao. Amri ya Tano haimhusu mwenye panga peke yake; yamhusu pia aliyejua kwamba gari lake lanuka petroli, akakaa kimya kwa sababu abiria hawakulalamika. Naye marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba hewa na nchi ni nyumba yetu sote. Mtakatifu Kristofa, tumwadhimishaye tarehe 25 Julai, ni msimamizi wa wasafiri, na ni vema medali yake iwepo garini. Lakini tusimwachie yeye kazi ya pete ya mpira.

Nawashauri wenye pikapu, na kamati za vigango zilizo na gari la shirika, waweke daftari dogo garini. Dereva aandike tarehe, lita alizotia, na neno moja: “yanuka” au “hainuki”. Baada ya miezi miwili daftari hilo litamweleza fundi mambo ambayo dereva amekwisha kuyasahau, na hakuna atakayeweza kuuza kopo jipya kwa mtu ambaye daftari lake laonyesha kwamba harufu huja siku ya kujaza tangi tu.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Ajali hii ina kinga, na mara nyingi huuzwa kwa bei ya pete moja ya mpira. Jumamosi hii, kabla pikapu haijapakia watu wa Misa ya Jumapili, mwenye gari afungue mfuniko wa tangi na kuitazama pete yake.